Jina la Koko Mbele ya Ziwa

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi na kurudi na sukari, ziwa lilikuwa na masikio. Sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Kwetu Uvira, katika mtaa ulio chini ya mlima ambako ukifungua dirisha unaliona Tanganyika limetanda mpaka Burundi, tuliyajua masikio ya ziwa kama watoto wengine wanavyojua kwamba moto unaunguza. Ukifika ufukweni hutaji jina la mtu. Ukilitaja, ziwa limelisikia, likishalisikia, linaliweka, na siku litakapomtaka mwenye jina hilo litamwita, naye ataitika bila kutaka. Hivyo ndivyo alivyotufundisha Koko, mama yake mama yangu, aliyeteremka kutoka milima ya Mulenge akiwa mtu mzima. Hata ziwa lenyewe hakulitaja. Alisema tu "ile maji".

Sasa watoto wanaooga utawaitaje watoke, ikiwa majina yamekatazwa? Koko alikuwa na dawa yake. Alitupa majina ya jikoni. Mimi nilikuwa Kijiko, kaka yangu alikuwa Mwiko, na binamu yetu, aliyekuwa na tumbo la kutangulia, akawa Sufuria. Koko alikuwa akisimama mbali kwenye mchanga mkavu, kikwembe amekikaza kiunoni, na kutuita kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili.

"Weye Kijiko! Mwiko! Mutoke mu maji, chakula iko tayari!"

Wanawake waliokuwa wakifua nguo kwenye mawe walicheka mpaka wakaacha kufua. Mmoja wao hakukosa neno hata siku moja. "Mama, leo jiko yote iko mu maji, sasa utapika na nini?" Koko hakukasirika. Alijibu kwamba vyombo lazima vioshwe, na sisi tukatoka mbio tukitetemeka, tukijiona tumelishinda ziwa kwa akili.

Ilikuwa raha tupu, na huenda ingebaki raha tupu kama mama asingenisimulia siku moja alipokuwa akinisuka nywele. Alinisimulia kwa sauti ya chini, na kila alipofika mahali pagumu alivuta nywele zaidi, ndiyo maana nakumbuka vizuri. Koko alikuwa na mtoto wa kiume, mdogo wake mama, aliyeitwa Sadiki. Walikuwa hawajakaa sana huku chini. Vita viliwatoa milimani bila ng'ombe, bila nyumba, na kijana wa milimani akaliona ziwa akalipenda kama mtu anavyompenda mchumba wa kwanza. Siku moja ugali ulikuwa tayari, Koko akateremka mpaka ufukweni akamwita kwa jina lake, aje ale. Sadiki alikuwa mbali kidogo. Akasikia, akainua mkono. Halafu mkono ukashuka, na hawakumwona tena akiwa hai.

Leo mimi ni mtu mzima, najua kwamba mtoto aliyekulia kwenye vijito vinavyofika magotini hajui kuogelea, na kwamba mkono ule aliouinua Sadiki huenda haukuwa wa salamu. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Koko hakuona ung'ongo, aliona nyoka mwenyewe. Kwake mambo yalikuwa wazi. Kule kwao juu, wazee walisema maji makubwa hayatajiwi majina, na yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, alilitaja la mwanawe. Tangu siku hiyo jina la Sadiki halikutamkwa nyumbani. Hata katika sala za jioni, ilipofika zamu ya kumwombea, Koko alisema tu, "Na yule mutoto, Unamujua."

Na Koko alikuwa mtu wa sala, jamani. Kanisa letu lilikuwa la mbao na mabati, na kabla kengele haijalia yeye alikuwa amekwisha kulifagia na kunyunyiza maji vumbi lisitupigishe chafya. Alijua nyimbo zote mpaka ubeti wa mwisho, ule ambao watu huwa wanaimba kwa kufungua na kufunga midomo. Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Hakuwa amebatizwa. Kanisa letu hubatiza kwa kuzamisha, tena ziwani, na mchungaji anasimama ndani ya maji na kulitaja jina lako lote kwa sauti, ili duniani na mbinguni wasikie. Hapo Koko ungemwambia nini?

Basi kila Jumapili ya meza ya Bwana, sahani ya mkate ilipopita kwenye mabenchi, ilimruka. Nilikaa ubavuni kwake. Niliuona mkono wake ukisogea kidogo juu ya goti, kama mkono wa mtu anayetaka kupokea, halafu ukatulia. Aliutaka mkate ule kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikitaka. Na sahani ilipomfikia jirani yake, Koko alitazama sakafu aliyoifagia mwenyewe asubuhi.

Watu hawakukosa la kusema. Mama Shoza, kiongozi wa wamama, alisema waziwazi kwamba mtu hapotezi ng'ombe, nyumba na mtoto bure. Kuna kitu Mungu anamdai. "Mungu hapendi nusu-nusu," alisema, akimtazama Koko kwa huruma ile ambayo ni afadhali ukatukanwa. Mama Shoza alikuwa na jibu la kila msiba isipokuwa wake.

Pasta, kwa upande wake, alikuwa mtu wa upole. Alikuwa mfupi, bado kijana, na kila msimu wa ubatizo alipata mafua. Alijaribu kila njia. Alimwambia Koko kwamba angeweza kumbatiza mtoni Kalimabenge, kule juu, mbali na ziwa.

"Na huo muto, pasta, unaenda wapi?" Koko akamuuliza.

Pasta akacheka, kwa sababu mto ulikuwa unakwenda kulekule mito yote ya Uvira inakokwenda. Akasema basi, angelitaja jina sikioni mwake tu, kwa kunong'ona. Hapo Koko akakataa kabisa.

"Hapana. Minye sitaki kuingia kwa Mungu kama mwizi."

Mambo yakabaki hivyo, yeye upande mmoja na meza upande mwingine, ziwa katikati.

Miaka hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho ya Koko. Hakujua kusoma, na mara tu shule iliponifundisha kuunganisha herufi alinikabidhi Biblia ya mama. Jumamosi mchana, yeye akichambua maharagwe kwenye ungo, mimi nilimsomea. Alitaka nisome moja kwa moja, bila kuruka. Alisikiliza hata kurasa za fulani alimzaa fulani kwa makini ya mtu anayesikiliza habari za ukoo wa mkwe, na mara nyingine aliuliza kama mama zao walikuwa na afya. Hivyo tulisafiri pamoja, mwaka mzima na zaidi, mpaka tukaingia katika kitabu cha nabii mmoja mwenye maneno mengi.

Siku hiyo nilikuwa nasoma kwa madaha, najisikia, mara macho yangu yakatangulia mdomo, nikaona kilicho mbele. Nikanyamaza. Mungu alikuwa akiwaambia watu wake wasiogope, kwamba amewaita kila mmoja kwa jina lake na wao ni wake. Halafu palepale, bila hata kupumua, akawaambia kwamba watapita katika maji. Jina na maji katika pumzi moja! Niliona kwamba huyu Mungu hajawahi kufundishwa na mtu wa Mulenge, na nikamwonea haya mbele ya Koko.

"Juu ya nini unanyamaza?" Koko aliuliza.

"Koko, hapa iko mubaya. Niruke?"

"Mu Biblia hakuna kuruka. Soma."

Nikasoma kwa sauti ndogo, mdomo nimeuelekeza mlimani, ili ziwa lisisikie. Nilipomaliza sikusikia maharagwe yakidondoka kwenye ungo. Nikainua macho. Mkono wa Koko ulikuwa umesimama hewani.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Akanisomesha mpaka nikachoka. Alitaka kujua yanayotangulia ni yapi, jina au maji. Nikamwambia jina ndilo linalotangulia, maji yanafuata. Halafu akauliza hao watu walioambiwa maneno hayo walikuwa nani. Nikasema sijui.

"Basi twende kwa mwenye kujua."

Akasimama ghafla, ungo ukapinduka, maharagwe yakamwagika uani na kuku wa mtaa mzima wakapata karamu. Koko hakugeuka hata kuwafukuza. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo ni zito.

Tulimkuta pasta mbele ya nyumba yake akiziba tairi ya baiskeli, mikono myeusi. Koko hakuketi. Aliniamuru nisome, nikasoma, naye akauliza swali lake.

"Hao bantu, pasta, ni banani?"

Pasta alifuta mikono polepole kwenye kitambaa. "Ni bantu balifukuzwa kwao, mama. Manyumba yao ilichomwa. Balipelekwa mbali, mu inchi ya wengine, bakafikiri Mungu amesahau hata majina yao."

"Balifukuzwa," Koko alisema. "Kama siye."

"Kama siye."

"Na mu ile maji, balipita bote?"

Nimewasikia wahubiri wengi tangu siku hiyo, wengine wana vipaza sauti vya kutikisa mabati, na sijaona hata mmoja aliyekawia kujibu kama alivyokawia pasta yule. Aliitazama baiskeli, akamtazama Koko.

"Bote, hapana. Sitakudanganya, mama. Andiko haisemi maji haitakuwa. Inasema Yeye atakuwa mule ndani."

"Mule ndani ya maji?"

"Mule ndani."

Koko alishika usukani wa baiskeli. "Basi mutoto wangu hakukuwa peke yake."

"Hakukuwa, mama."

"Na jina yake... Mungu ndiye aliita wa kwanza?"

"Mbele hata weye umuzae."

"Basi ile maji ilikuja nyuma." Alisema hivyo taratibu, kama anayepanga mawe ya jiko na kuyajaribu kama yanakaa. "Ilikuta jina iko na mwenyewe. Basi si mudomo yangu iliyomupeleka."

"Si mudomo yako, mama. Ulikuwa unaita mutoto aje kula."

Koko akaketi chini, palepale kwenye vumbi, katikati ya bisibisi na vipande vya mpira, akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Nami nikaanza kulia kwa sababu ya kumfuata tu, na pasta naye akajifuta macho kwa kile kitambaa cha mafuta, akabaki na uso kama fundi wa magari. Koko alipoinua kichwa na kumwona, alianza kucheka. Alicheka mpaka mke wa pasta akatoka ndani kuuliza ni nani amekufa.

Siku ya ubatizo ilikuwa Jumapili ya jua la kuosha macho. Kwaya ilitangulia na ngoma, wamama wamevaa vikwembe vya sare, wanaobatizwa wamevaa kanzu nyeupe zilizoazimwa huku na kule. Kanzu ya Koko ilikuwa ya mtu mrefu, ikabidi mama amfunge kamba kiunoni asijikwae mbele ya mbingu na dunia. Kijana mmoja mwenye kasia alisimama upande wa matete kuwaangalia viboko, maana viboko wa Uvira hawajui Jumapili. Pasta alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, tayari ameanza kupiga chafya.

Kila mtu alikuwa na furaha isipokuwa mimi. Koko alikuwa amepata jibu lake, lakini mimi nilikuwa bado mwanafunzi wake wa zamani, tena mwanafunzi bora. Nilimwona akiingia, maji yakamfika magotini, kiunoni, kanzu ikajaa hewa ikamzunguka. Niliona kwamba baada ya dakika chache jina lake, ambalo hata mimi sikulijua, litapigiwa kelele juu ya ziwa lile lile. Na pasta alipoinua mkono na kufungua kinywa, nilipenya kati ya wanakwaya na kupiga ukelele.

"Pasta! Anaitwa Beseni! Koko anaitwa Beseni!"

Ngoma ikakatika. Halafu ufuko mzima ukapasuka kwa kicheko. Wanakwaya walishikana mabega. Kijana wa viboko aliangusha kasia. Mama Shoza mwenyewe alificha uso kwenye kikwembe chake, mabega yakitikisika, na nakiri kwamba siku hiyo nilimpenda. Mama alinishika sikio, lakini hakulivuta, kwa sababu naye alikuwa hawezi kusimama wima. Na kule majini Koko alicheka kuliko wote, maji yakamwingia mdomoni, akakohoa, akacheka tena, huku pasta amemshika mkono na kungoja. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa amekwisha kuyavulia.

"Hapana, Kijiko," aliniambia aliponyamaza, kwa sauti niliyoisikia vizuri kutoka pale nilipokuwa. "Usiogope. Pasta, ita jina yangu. Ile ya ukweli."

Pasta akaita, "Nabintu!"

Ndivyo nilivyolijua jina la bibi yangu. Alizama, na kwa muda ule mfupi alipokuwa chini sikupumua. Akaibuka, kitambaa cha kichwa kimemtoka, nywele nyeupe zimemganda kichwani, mdogo kama mtoto. Kwaya ikaanza kuimba. Watu wakangoja atoke. Lakini Koko hakutoka. Alitugeuzia mgongo, akalitazama ziwa mpaka kule Burundi, akajaza kifua hewa kama enzi zile za kuita ng'ombe.

"Sadiki! Sadiki weee!"

Kwaya ikanyamaza. Wengi hawakujua ni jina la nani. Mama alijua. Aliliachia sikio langu, akaingia majini na viatu vyake na nguo zake za Jumapili, akamfikia mama yake, na yeye pia akaita. Waliliita jina lile wakipokezana, wakilia na kucheka, na sauti zao hazikuwa za watu wanaomwomba mtu arudi. Zilikuwa za watu wanaomsalimia. Sisi wengine tulisimama mchangani, na mpaka leo sijui ni nani aliyeanza tena kupiga ngoma.

Jumapili iliyofuata sahani ya mkate ilipita. Nilikuwa nimekaa palepale ubavuni. Mkono wa Koko ulisogea juu ya goti, na safari hii haukutulia. Alichukua kipande chake, akakishika kwanza, akakitazama pande zote kama anayenunua nyanya, kisha akala bila haraka. Kila mtu akamngoja, hata pasta. Tulipotoka nje aliniambia mkate ule ulikuwa umekosa chumvi.

Sitasema kwamba Koko aliacha kuliogopa ziwa. Aliendelea kusimama kwenye mchanga mkavu, na sisi tuliendelea kuwa vyombo vya jikoni, safari hii kwa mazoea na mapenzi. Kaka yangu ana watoto wanne na bado namwita Mwiko kwenye simu. Wala sitacheka imani ya watu wa milimani. Walikuwa wamepoteza watu wengi, wakashika majina ya waliobaki kwa nguvu, wasitawanye hata moja ovyo. Ulikuwa upendo wao ulioingiwa na hofu. Andiko lile halikumwondolea Koko hofu yote, lilimwondolea hatia, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla.

Koko alikufa kitandani kwake, mzee, akiimba vibaya. Hakuuona mwaka ambao ziwa lilipanda na kuja kututafuta majumbani. Mimi lilinikuta. Nilikuwa nimejenga karibu na ufuko kuliko ambavyo mjukuu wake alipaswa kujenga, na asubuhi moja tuliamka maji yako chini ya vitanda. Simu yangu haikuacha kulia. Siku hizi maandiko yanatufikia kwa simu, yamepambwa njiwa na maua, kila alfajiri, kutoka kwa watu ambao hawajakuuliza kama umelala salama. Na siku hiyo, kati ya yote, mtu mmoja alinitumia maneno yaleyale ya jina na maji. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji mpaka magotini, godoro kichwani, wanangu wakilia juu ya meza. Nilitaka kuitupa simu ziwani, wasomeane huko.

Sikuitupa. Nilimkumbuka pasta na mikono yake myeusi, nikayasoma maneno yale kwa sauti, kwa hasira, karibu kwa kugomba. Maji hayakurudi nyuma hata shubiri. Nyumba ile ilianguka baadaye, na mpaka leo juu yake wanapita samaki. Lakini jirani yangu, ambaye naye nyumba yake ilikuwa majini na ambaye hatukuwa tukisalimiana kwa sababu ya mbuzi wake, alisikia sauti yangu kupitia ukutani. Akaja akikata maji na tope, akaniita kwa jina langu, akashika upande wa pili wa godoro.

Tangu siku hiyo nikiulizwa andiko lile maana yake nini, nasema ni yule mtu wa upande wa pili wa godoro. Sijui kama wenye elimu ya dini watakubali, na sijawauliza.